Soksi Zangu Hazining'inii

Vile vipande vya mraba vinavyofumwa kwa uzi, Wazungu wa hapa Sydney wanaviita viraba vya bibi. Mimi si bibi. Mimi ni mwanaume mwenye kilo zangu, nina malori yangu, nahamisha vyombo vya watu kutoka pembe moja ya mji huu hadi nyingine, na hivyo viraba navifuma vizuri kuliko bibi yeyote utakayeniletea. Mlete. Akae hapo, nami nikae hapa, tupewe uzi wa rangi moja, tuone.

Nafuma wapi? Popote. Nafuma ndani ya lori, mteja akiwa bado anatafuta funguo zake. Nafuma kwenye treni ya Campbelltown, safari ndefu ile, watu wananitazama na mimi nawatazama. Mama mmoja aliwahi kuniuliza kama daktari ndiye aliyeniandikia kufuma, kwa ajili ya kutuliza mawazo. Nikamwambia, mama, mawazo yangu yalitulia zamani. Hii ni kazi.

Nilijifunza kambini, Kigoma, upande wa Tanzania, tulipokimbilia kutoka Kivu. Shule niliiacha darasa la nne, au niseme yenyewe ndiyo iliyoniacha, maana vita viliifunga. Kambini wanawake walikuwa wanafuma vitambaa vya kufunika viti na meza, nami nikawa nawaangalia mikono. Nikachomoa spoku ya baiskeli iliyokufa, nikainoa juu ya jiwe, nikaikunja ncha, nikawa na sindano yangu ya kroshe. Wanaume wakacheka. Baada ya muda wake zao ndio waliokuja kwangu kuuliza ua fulani nimelizungushaje. Hakuna mtu aliyenifundisha. Nasema hivyo ili ijulikane.

Na kule kwetu kitambaa hakijaisha mpaka kitiwe wanga. Unakoroga unga wa muhogo na maji ya moto hadi uwe uji mwepesi unaong'aa, unachovya kitambaa, unakikamua, unakinyoosha, unakianika juani. Kikikauka kinasimama chenyewe kama sahani. Kitambaa kilicholegea juu ya meza ni aibu ya mwenye nyumba. Mgeni anakigusa kwa kidole tu, anajua ameingia kwa watu wa namna gani.

Sasa nieleze habari ya soksi.

Binti yangu wa kwanza ameolewa na kijana wa Kiaustralia. Kijana mzuri, fundi umeme, sina neno naye. Lakini tangu waoane, Noeli wanaila kwa mama yake kijana. Mwaka juzi tulialikwa na sisi, mimi na mke wangu. Joto la Desemba, watu wamevaa kaptula, wanamenya kamba wa baharini kwa mikono, kicheko kingi. Na ukutani, juu ya kabati, soksi kubwa kubwa zimetundikwa, kila mtu na yake, na zimefumwa kwa viraba vilevile ninavyovijua mimi. Mama mwenye nyumba akanieleza kwa upole. Zamani zilifumwa na marehemu mama yake, siku hizi anafuma yeye. Kila anayezaliwa au kuolewa katika nyumba ile anapata soksi yake, na zawadi za Noeli zinatiwa humo.

Nikaiona ya binti yangu. Na pembeni yake nikaona nyingine, ndogo sana. Binti yangu alikuwa bado mjamzito.

Nilikula, nikacheka, nikashukuru. Lakini ndani nilikuwa nachemka. Mtoto hajaona jua, tayari ana mahali pake kwenye ukuta wa watu! Kwangu ana nini? Kwangu hata mama yake mwenyewe hana kitu cha kumwita arudi siku ile. Halafu nikaishika ile soksi ndogo, nikaigeuza. Imelegea. Pembe za viraba hazikutani. Hilo nalo likaniuma.

Ndani ya gari nikamwambia mke wangu, "Mwaka ujao Noeli inaliwa kwangu. Na soksi nafuma mimi."

"Soksi? Kwenye joto hili?"

"Utaona."

"Mimi nimekuwa naona tangu siku uliyonioa," akasema, akageukia dirishani.

Mtoto akazaliwa, mvulana, na mimi nikanunua uzi. Mwekundu, wa kijani, mweupe, na wa manjano kidogo kwa sababu napenda manjano na hakuna wa kunizuia. Unaanza na kishimo katikati, unakizungushia vitanzi vitatu vitatu, unaacha nafasi kwenye pembe, unazunguka tena. Kiraba kimoja, kiraba cha pili, halafu unaviunga vinakuwa mguu. Nilifuma ya mjukuu, ya binti yangu, ya mumewe, ya mke wangu na yangu.

Jumamosi moja wakaja wanaume watatu wa kanisani kwetu hapa Guildford, tupange usafiri wa kwaya, maana lori likihitajika wanajua pa kuja. Wakanikuta barazani, uzi mwekundu umejaa mapajani.

"Patroni!" shemasi akasema, yaani bosi. "Mama ameenda kazini akakuachia kazi yake?"

"Karibu, shemasi. Keti. Usikalie uzi."

"Mimi nilidhani malori ndiyo yanakulisha."

"Malori yananilisha. Huu unanipamba."

Mwenzake, Mrundi mmoja mwenye mdomo, akasema, "Mwacheni mzee, anakaribia kujifungua." Wakacheka mpaka mbwa wa jirani akabweka.

"Nikijifungua," nikamwambia, "nitakufumia na wewe kofia, maana hicho kichwa chako hakina kitu, nje wala ndani."

Hapo wakacheka zaidi, hata yeye. Ila shemasi hakuridhika. Akaweka sauti ya madhabahuni. "Lakini ndugu yangu, watoto wetu wa huku wakituona hivi, watatuheshimu kweli?"

"Watoto wangu walikula kwa sindano hii kule kambini. Kama hawaiheshimu, basi watapike walichokula."

Sikuinua hata macho, nilikuwa kwenye pembe.

Heshima ya shemasi sikuwa na haja nayo. Niliyemhitaji ni binti yangu, na yeye ndiye aliyepiga simu wiki moja kabla ya Noeli. Yeye hunijibu kwa Kiingereza, namwandika hapa kwa Kiswahili.

"Papa, tutapita kwako asubuhi."

"Kupita? Anayepita ni mtu wa posta."

"Kwa muda wa saa moja hivi, Papa. Chakula cha mchana tunakula kule kama kawaida. Mama mkwe atakuja pamoja nasi, anataka kuwasalimia. Na tafadhali, Mama ameniambia unafuma soksi. Usihangaike. Mtoto anayo tayari."

"Anayo ya kule."

"Ndiyo hiyo hiyo. Mtoto mmoja, soksi moja."

"Mtoto mmoja, koo mbili," nikasema. Akashusha pumzi, nikaisikia mpaka kwangu. Tukaagana kama watu wa ofisini.

Basi, kama kuna kitu kilichobaki cha kuniambia niache, hiyo simu ilikiua. Kesho yake nilikwenda duka la Waafrika nikanunua unga wa muhogo. Nikapika wanga, nikachovya soksi zote. Sasa soksi si kitambaa, huwezi kuitandaza ikakauka vizuri. Nikafikiri kidogo tu, mimi huwa sihitaji muda mrefu. Nikachukua magambuti ya kazini, nikayafunika kwa mifuko ya plastiki, nikayavisha soksi. Kwa ile ya mjukuu nilinunua gambuti dogo la mtoto kwa ajili ya shughuli hiyo tu. Nikayapanga uani juani, mguu kwa mguu.

Mke wangu akarudi kutoka kazini Westmead, anakohudumia wagonjwa hospitalini, akasimama mlangoni na mkoba wake begani.

"Mzee. Umefanya nini?"

"Nimetia wanga."

"Hizo ni za kutundika. Zinatakiwa zilegee."

"Nani kasema?"

"Nimeziona kule. Na wewe umeziona."

"Nimeona zilizolegea. Cha kwangu hakiwezi kulegea."

Zikakauka. Kuyatoa magambuti ilikuwa kazi, nakubali, lakini zilipotoka, zilisimama zenyewe. Ukigonga inalia ko, ko. Nikajaribu kutundika moja kwenye msumari, ikatoka ukutani kama mtu anayepiga teke. Nikaishusha. Nikazipanga juu ya kabati la televisheni, zote zimesimama, vidole mbele, kama wanajeshi. Mke wangu akafunika mdomo na kukimbilia jikoni. Alidhani sikumsikia akicheka.

Asubuhi ya Noeli wakaja. Mkwe wangu aliziona akacheka mpaka akafuta machozi, akaingiza mkono ndani ya yake, akaitembeza mezani. Huyo nilimpenda zaidi siku hiyo. Mama yake akaishika ile ndogo, akaigonga kwa ukucha, akasema ni kama mti. Hakusema kwa ubaya. Binti yangu alikuwa anaangalia zulia. Shingo yake ilikuwa imekaza, na nikajua anaona haya. Haya kwa ajili yangu, ndani ya nyumba yangu.

Ndipo yule mama, kwa wema wake wote, akasema, "Nikiiloweka usiku mmoja kwenye maji ya uvuguvugu italainika. Halafu tutaitundika kule pamoja na zetu. Itapendeza sana."

Uso wa binti yangu ukafunguka. "Ndiyo, Papa! Tunaichukua. Zitakaa zote mbili pamoja."

Wote wakanigeukia wakisubiri nifurahi. Na ningeweza. Mwingine angefurahi, angeifunga kwenye karatasi nzuri, angewapa.

"Haiendi," nikasema.

"Papa?"

"Hii ni soksi ya hapa. Hailowekwi, haitundikwi, haihamishwi. Mimi nahamisha vyombo vya watu kila siku, najua kinachohamishwa na kisichohamishwa. Mtoto akitaka kilichomo, aletwe."

"Unamnyima mtoto wangu soksi? Siku ya Krismasi?"

"Simnyimi. Namwekea."

Mke wangu akanifinya mbavu kwa nyuma. Yule mama akairudisha soksi juu ya kabati polepole, kama mtu anayeweka yai. Saa yao moja haikutimia. Nikasikia mlango wa gari, halafu mwingine, halafu gari likaondoka. Mezani kulikuwa na sombe ya majani ya muhogo, samaki, na mbuzi niliyemchoma tangu alfajiri, vyote vimefunikwa.

"Umeshinda," mke wangu akasema. "Haya, kula mbuzi mzima peke yako."

Nilikula. Na jioni, nisidanganye, nilikaa nikiangalia simu ambayo haikulia. Lakini mtu asidhani nilijuta. Nilijiuliza swali hilohilo kwa kuligeuza kila upande, kama ninavyogeuza kiraba, na kila upande jibu lilikuwa moja. Kama ningeitoa soksi ile, isingebaki sababu hata moja ya mtoto yule kuvuka mji kuja kwangu. Angenijua kwenye picha.

Siku ya pili ya Noeli mke wangu alikuwa kazini. Mchana, jua kali, mlango ukagongwa. Nikafungua nikamkuta binti yangu, mtoto mgongoni, mfuko mkononi, jasho linamtiririka. Amepanda treni kutoka kwake Campbelltown, na amekasirika njia nzima, ilionekana.

"Sikuja kwako," akasema. "Nimekuja kwa soksi ya mtoto."

"Iko palepale."

Akanipita. Akaanza kutoa vitu kwenye mfuko na kuvitia ndani ya soksi kimoja kimoja. Kitabu kigumu cha picha, kayamba kadogo, fulana. Soksi imesimama, mdomo wazi, haiyumbi. Akasita akaitazama.

"Ya kule lazima mmoja aishike, mwingine atie," akasema, kama anajisemea.

Mke wangu hataamini, lakini nilinyamaza.

Akamweka mtoto sakafuni na soksi mbele yake. Bwana mdogo hakugusa kayamba, hakugusa kitabu. Alivimwaga vyote, akaikumbatia soksi yenyewe, akaitia ncha mdomoni. Ana meno mawili. Akaanza kunyonya na kutafuna kwa bidii kubwa.

"Papa! Ina dawa gani hiyo?"

"Muhogo."

"Muhogo na nini?"

"Muhogo na maji. Mwache ale."

Akakaa chini karibu naye, akaangalia. Ncha ikaanza kulowa, ikakunjika, ikainama. Mtoto akaitoa mdomoni, akaitazama kwa mshangao, akairudisha. Binti yangu akaanza kucheka. Alicheka kwa kuanzia tumboni, akajilaza kwenye zulia lilelile alilokuwa akilikodolea macho jana yake.

"Ameiharibu soksi yako. Inalegea!"

"Huyo peke yake ana ruhusa. Mwakani natia wanga upya, naye atakuja aitafune upya."

Simu yake ikalia. Alikuwa mumewe. Akamwambia hatarudi mchana, tunakula hapa, yeye aje na gari jioni. Akasikiliza kidogo, akanitazama. "Anauliza kama aje na mama yake."

Nikasema kwa sauti kubwa, ili hata simu isikie, "Aje. Lakini alete kipimo cha mguu, na yeye nimfumie yake, na maji ya uvuguvugu ayaache nyumbani."

Kisha nikaenda jikoni kupasha mbuzi.