Mitungi ya Devota: Kutoka Mpanda Hadi Karema

Injini ya boti ya Shangazi Generoza ilizama Karema karibu kabisa na ufukwe, mbele ya watu waliokuwa wamesimama kuipokea boti. Boliti ziliachia, ikatumbukia. Aliinunua baada ya kuuza shamba lake la mpunga kule Mamba, na tangu siku ile boti ilikuwa inaanikiwa nguo. Hiyo ndiyo sababu ya safari yetu. Nilimsindikiza shemeji yangu Devota, mdogo wa mke wangu, aliyejifunza kupiga mbizi Kigoma. Generoza ni shangazi yake wa damu.

Mpanda, asubuhi, stesheni. Treni ilishusha mitungi minne ya hewa tuliyoazima: mirefu miwili na mifupi miwili, yote ya chuma. Devota haibebi mgongoni. Huivaa ubavuni, mmoja kila upande chini ya kwapa, ili aone koki zake na mkono uzifikie. Aliomba chuma kwa sababu mtungi wa alumini hewa ikipungua huwa mwepesi na kitako chake huelea, ikabidi mtu ajifunge vipande vya madini ya risasi ili azame. Chuma hutulia. Lakini alitaka ile mifupi. Maji ya ziwa hayana chumvi ya kumwinua mtu, na vazi lake ni jembamba.

Mwenyekiti Masanja wa kikundi cha wavuvi, aliyekuja kutupokea na wajumbe wake, alichagua kwa njia tunayochagulia mitungi ya gesi sokoni: aliinua mmoja mmoja, akagonga kwa vidole, akasikiliza.

"Huu mrefu ndio mtungi," alisema. "Huo mfupi ni wa chai."

"Mwenyekiti, mrefu utanizamisha."

"Si ndiyo kazi tuliyokuitia, binti? Kuzama?"

Wajumbe walicheka, kisha wakakaa kikao palepale kwenye jukwaa la stesheni. Kikao kilitoa uamuzi ambao vikao vyetu huupenda kuliko yote, ule usiomuudhi mtu: Devota avae mrefu mmoja na mfupi mmoja.

"Hata ng'ombe wa jembe unamfunga mkubwa na mdogo," Masanja alieleza. Yeye ni Msukuma, alikuja Katavi na ng'ombe kabla ya kuhamia kwenye boti. "Mdogo anajifunza kwa mwenzake."

"Ngosha, huo mtungi mdogo utajifunza nini?" Devota aliuliza. Kikao kilikuwa kimefungwa. Alimwendea dereva wa pikapu akamnong'oneza apakie yote minne.

Njiani kwenda ziwani barabara ilikuwa vumbi tupu. Kila tuliposimama watu waliizunguka pikapu, na kila mtu alikuwa na maoni. Pale Kasekese muuza mahindi ya kuchoma alishauri mitungi ifungwe miguuni. Mwendesha bodaboda alimpinga, akasema mzigo hukaa vizuri nyuma, na yeye hubeba magunia ya mkaa kila siku, kwa hiyo anajua mambo ya maji.

Karema, mchana. Mapokezi yalikuwa tayari: viti vya plastiki, kipaza sauti, na vijana wenye kopo la rangi nyeupe walioandika jina la kikundi kwenye mitungi kabla hatujanywa maji. Shangazi Generoza alimshika Devota mkono akamvuta pembeni.

"Mwanangu, pale ilipoangukia pana mwamba. Baada ya mwamba ni shimo, hatujui mwisho wake. Kama imeteleza, acha. Nyie msife kwa ajili ya injini."

Devota alijaribu kwanza maji ya kiunoni, akiwa na mitungi ya kikao. Alilala majini akapinduka upande wa mtungi mrefu kama mtumbwi uliopakiwa vibaya. Alijinyoosha, akapinduka tena. Umati ulipiga makofi ukidhani ni maonyesho. Alitoka, akauvua ule mrefu bila kumwangalia mtu, akachukua mfupi wa pili.

"Kamati iliamua," alisema Masanja.

"Kamati ije ivae."

Kisha alishughulikia mkao. Shingo ya kila mtungi aliipitisha kwenye mpira chini ya kwapa. Mkanda wenye kulabu aliushusha karibu na kitako na kufupisha kamba yake, kitako kisining'inie, mtungi ulale sambamba na mwili. Mwisho alizigeuza koki zielekee nje, mkono uzifikie. Hapo maandishi meupe yakaingia mbavuni.

"Jina halisomeki!" Masanja alipiga kelele. "Geuza, binti. Mpiga picha yupo."

"Nikigeuza, koki inaingia mbavuni. Hewa ikikorofisha nitafunga na nini?"

"Dakika moja tu, ya picha."

"Mwenyekiti, huko chini nitasomwa na nani? Migebuka?"

Umati ulicheka, Masanja naye akacheka kidogo. Akashuka Devota, kamba kiunoni, ya kutuashiria kwa kuivuta na ya kuifungia injini akiipata.

Mwenyekiti ndiye aliyeishika kamba, kwa kuwa ni mwenyekiti. Alikuwa na hotuba pia, akaianza. Alipotaja maendeleo alipunga mkono, na ule mkono ulikuwa na kamba. Alipotaja mshikamano aliivuta kwa nguvu. Kamba ikavutwa kutoka chini, ikalegea, ikavutwa tena, naye akaendelea. Povu la pumzi za Devota lilikuwa limesogea upande wa shimo. Shangazi Generoza alinyanyuka, akampokonya.

"Lete hapa. Maneno hayahitaji kamba."

"Mayu, bado sijamaliza."

"Malizia umekaa."

Alisubiri, macho kwenye povu. Likarudi polepole upande wa mwamba, likatulia. Kamba ilipovutwa safari hii alipaza sauti: "Vuteni!" Tukavuta sote, hadi wajumbe. Injini ilitoka na tope na kaa mmoja aliyekasirika. Nyuma yake akatoka Devota, amelala sawasawa juu ya maji.

Jioni fundi aliifungua, akamwaga maji yaliyoingia, akaikausha, akabadilisha oili. Ilikohoa, ikakataa, ikakohoa tena, ikanguruma. Generoza aliinama akaishika kama mtu anayemshika mtoto mwenye homa.

Nilichojifunza, msomaji wa Mpanda, ni kwamba mtungi bora ni ule unaomwacha mvaaji asahau kuwa ameuvaa, na kwamba kikao hakipimi uzito wa kitu ambacho hakitakibeba.

Tulipokuwa tunaagana, Generoza alimuuliza Devota huko chini kukoje.

"Kimya, shangazi. Hakuna anayehutubia."

"Kumbe," alisema, akitazama maji. "Siku moja unipeleke."