Kitabu Kilichomshika Papa

Niseme mapema: nilishinda. Wote walionicheka kwamba mzee wa mgodi hawezi kusoma hadithi za kubuni, waje hapa Ruashi wahesabu penseli alizomaliza.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa, na ugonjwa wangu ni vitabu vya zamani vya safari za nyotani, mazimwi, na falme ambazo hakuna ramani inayozijua. Nimewaambukiza wengi. Mtu akinipa dakika mbili, anaondoka na kitabu kwapani. Papa peke yake ndiye aliyenishinda. Miaka yote aliviita bintu bya bongo, vitu vya uongo, na akimaliza kusema hivyo anarudia gazeti lake.

Lakini mwaka huo sikuwa natafuta msomaji. Nilitaka baba yangu aishi. Alikuwa kapita, yaani msimamizi wa wachimbaji, chini ya ardhi kule Kambove, mpaka alipostaafu na kuja kukaa kwangu. Mama alipofariki, Papa alikaa tu kwenye kiti. Ndipo akaja rafiki yake wa kazi ya zamani. Alikuwa na shimo lake huko Kambove, vijana wanachimba kwa mikono, na alihitaji mtu anayeweza kugonga dari la mwamba na kujua kwa sikio kama litaanguka. Papa akanyooka kwenye kiti mara moja. Wakapatana: baada ya wiki tatu, Jumatatu asubuhi, rafiki angekuja kumchukua.

Mzee wa miaka sitini na minane, mwenye kifua cha kukohoa! Mashimo yale yanafukia watu kila masika, na hakuna nyumba hapa kwetu isiyojua. Nilikasirika hadi nikavunja sahani. Lakini baba hakatazwi na mtoto wake. Basi nikaenda kwenye rafu yangu.

Nilianza na kile ninachokipenda kuliko vyote, cha mchawi kijana anayejifunza kugeuka ndege. Ukurasa wa ishirini Papa akaniita. Akanieleza, kwa upole kama anaongea na mgonjwa, kwamba huyo ni mulozi kabisa, mchawi wa kweli, na kitabu chake hakitalala ndani ya nyumba hii. Akakiweka juu ya ukuta wa nje. Asubuhi hakikuwepo, mpita njia alishajichukulia. Kitabu changu cha tangu usichana! Nilirudi kwenye rafu.

Cha pili kilikuwa cha chombo kikubwa cha angani. Alisoma alasiri mbili, kisha akataka kujua nani anatia grisi mashine. Watu mia wanasafiri kati ya nyota, na hamna fundi hata mmoja mwenye mikono michafu? Nilikiri kwamba fundi hayumo. Akakifunga, akaanza kukunja mashati yake ya safari. Zilibaki siku tisa.

Aka! Hapo nilijionea haya. Mwalimu mzima, nampa mtu dawa iliyoniponya mimi bila kumuuliza anaumwa wapi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nilikuwa nimesimama wima na mapenzi yangu. Nikaenda mtaa wa Kamalondo kwa fundi cherehani mmoja anayeuza vitabu vikuukuu kando ya vitambaa. Nikapata kimoja kisicho na jalada: watu arobaini wanashuka chini ya ardhi kutafuta mji uliopotea, wakiongozwa na profesa ambaye hajawahi kubeba hata ndoo.

Safari hii sikusifu kitu. Nilimwambia Papa kwamba ni kitabu kibaya, mwandishi hajui mgodi, na ninaogopa kuwapa wanafunzi wangu makosa. Je, angeweza kunikagulia? Akaomba penseli.

Alasiri ile ile nilimsikia akicheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mazishi ya Mama. Wanaingia bila kugonga dari! Akanigongea meza, hiyo ndiyo sauti ya mwamba mzima. Akagonga mlango wa kabati, ulio na uwazi ndani, hiyo ndiyo sauti ya mwamba unaoua. Pembeni mwa kurasa aliandika kwa herufi kubwa: miti ya kushikilia iko wapi? Hewa inatokea wapi? Huyu profesa bamufukuze!

Kufika Ijumaa alikuwa hacheki tena. Bukari, ugali wetu, ilipoa mbele yake. Hakumtukana mwandishi sasa, alimtukana profesa, kwa sababu njia ilikuwa imeporomoka na watu wawili wamekufa. Jumapili alikosa misa, akasingizia kifua, na kifua siku hiyo hakikuwa na neno.

Jumatatu lori lilifika mapema. Mfuko wa Papa ulikuwa mlangoni, umefungwa. Akatoka na miwani usoni, kidole katikati ya kitabu. Alimsalimia rafiki yake vizuri, akauliza habari za nyumbani. Kisha akamwambia aweke miti kwanza kule shimoni, na asiingize mtoto wa mtu kabla ya hapo. Yeye mwenyewe haendi.

Rafiki alinitazama mimi, akamuuliza kama ni binti yake aliyemkataza.

"Hapana, ndugu yangu," Papa akasema, akimwonyesha kitabu. "Niko na bantu makumi tatu na munane kule chini. Kapita habaachake bantu bake."

Lori likaondoka bila yeye. Papa akaketi, akalamba kidole, akaendelea. Mimi nilicheza jikoni na mwiko mkononi, nikilia na kucheka pamoja. Alikuwa amebakiza kurasa sitini tu, lakini chini ya mto wangu kulikuwa na kingine, kinene maradufu, na humo wanashuka watu mia mbili.