Aliyemfundisha Ndugu Radi Kusema Shikamoo

Enzi zetu pale Kanyenye, mjini Tabora, mtoto hakumgusa Ndugu Radi bila kunawa mikono. Sitanii. Kijitabu kilikuwa kimoja kwa mtaa mzima. Kilishuka na treni ya kutoka Dar es Salaam, kikafikia dukani kwa Bwana Valji, na Bwana Valji hakukitoa mpaka umwoneshe viganja, mbele na nyuma, kama uko kwenye ukaguzi wa usafi shuleni. Akiona mafuta ya karanga anasema, "Nenda nawa kwanza, halafu njoo," na tulikwenda bombani bila kubisha. Tukishakipata tulikaa barazani kwetu, wadogo mbele, wakubwa nyuma, na sheria ilikuwa hakuna kufunua ukurasa mpaka yule aliye mzito wa kusoma aseme tayari. Leo mjukuu wangu anapitisha kidole kwenye simu, mapicha chungu nzima yanapita kabla sijapata miwani yangu, na nikimuuliza ameona nini ananijibu, "Kawaida tu, bibi." Sisi hatukuwa na kawaida. Picha moja tuliitazama mpaka tukajua idadi ya vifungo kwenye shati la polisi.

Kwa ambao hamkumjua, Ndugu Radi alikuwa shujaa wa hadithi za picha. Alikuwa mbeba mizigo wa stesheni, mjukuu wa wapagazi waliobeba pembe za ndovu kutoka huku kwetu hadi pwani, na siku moja akipita kwenye ile njia ya zamani ya misafara, porini kwenye miombo, radi ikampiga na mzigo wake kichwani. Badala ya kufa akapata nguvu. Aliweza kuinua behewa kwa mkono mmoja na kuitangulia treni ya Kigoma kwa miguu. Hakuvaa majoho. Alivaa kaptura ya kaki na shati la kazi, kama baba zetu. Maadui zake walikuwa walanguzi na wanyonyaji, wale wanaoficha sukari uvunguni wakati mama zetu wako kwenye foleni. Zilikuwa siku za Ujamaa, kila mtu alikuwa Ndugu fulani, basi na shujaa wetu naye akawa Ndugu.

Lakini nguvu si kitu. Kilichotufanya tumpende ni adabu yake. Anaruka angani, ngumi mbele, anakwenda kubomoa ukuta wa mlanguzi, halafu anamwona bibi kizee ameketi mlangoni anachambua mboga. Basi anasimama hukohuko hewani, anateremka, anainama, "Shikamoo mama." Anasubiri. "Marahaba mwanangu, za utokako?" Anajibu za atokako, anaulizia mifugo, anaulizia mvua, na mwisho kabisa anasema, "Mama, naomba ruhusa nivunje huu ukuta." Tulicheka mpaka machozi. Na bibi akisema ngoja kwanza nitoe kuku wangu, Ndugu Radi anangoja, na mlanguzi huko ndani anatetemeka.

Mama yangu alijifunza kusoma kwa Ndugu Radi. Alikuwa anakwenda darasa la ngumbaru, la watu wazima, alasiri, na wenzake, wakiwa na watoto mgongoni, lakini kile kitabu cha darasani kilimchosha. Siku moja alikaa nasi barazani, akaweka kidole chini ya maneno, akayakokota polepole mpaka mwisho: "Mama, nipe huo mzigo nikubebee." Akainua uso akatutazama. "Sasa nasoma," alisema, akarudi jikoni kwenye mlenda wake. Nilikuwa mdogo, lakini nilijua kwamba pale nyumbani kuna jambo kubwa limetokea.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipokuwa napaendea. Kijitabu kilichapwa Dar es Salaam, lakini Ndugu Radi alizaliwa mtaani kwetu, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na waliomzaa walikuwa wawili. Kulwa alichora. Doto, pacha wake wa kike, alitunga. Kila neno, kila shikamoo, kila mlanguzi aliyerudisha sukari huku analia, vilitoka kichwani mwa Doto.

Tuliwaona kwa macho yetu. Doto alichambua tumbaku kwenye ghala la ushirika, na jioni alirudi vidole vyake vikiwa na rangi ya chai, akakaa ukumbini na ungo wa maharage mapajani. Kulwa alikuwa na meza yake ndogo karibu na mlango, panapoingia mwanga. Doto anachagua maharage huku anasema, Kulwa anachora. Kulwa akikosea Doto haangalii hata karatasi. "Huyo mama uliyemchora ana viatu. Atoe wapi viatu?" Kulwa anafuta. Sisi watoto tulikaa kizingitini na matobolwa yetu, viazi vitamu vilivyokaushwa, tunatafuna kimyakimya, na pengine Doto anatugeukia, "Wewe, ungekuwa mlanguzi ungejificha wapi?" Mmoja akasema kwenye mzinga wa nyuki, na mwezi uliofuata mlanguzi akajificha kwenye mzinga wa nyuki, akatoka humo uso umevimba kama andazi. Yule mtoto alitembea kifua mbele mpaka masika.

Kwenye jalada, hata hivyo, jina lilikuwa moja tu. Kulwa. Yeye ndiye aliyepeleka michoro, basi wale wachapaji wa Dar wakamjua yeye. Mwanzoni watu walidhani itarekebishwa. Ninyi wenyeji wa huku mnaelewa. Kwetu Unyamwezini mabasa, yaani mapacha, hawatengwi. Ukimpa Kulwa kanzu, Doto umpe gauni siku hiyohiyo. Ukimwita Kulwa kula, umemwita na Doto. Mama yao alikuwa mkali sana kwa hilo, hata pipi aliigawa kwa meno. Vilipokuja vijitabu kadhaa na jina ni lilelile moja, mama yule alikikunja kimoja, akakiweka mbele ya Kulwa. "Mwanangu, mwenzio yuko wapi humu?"

Kulwa akapanda treni kwenda Dar es Salaam kuwauliza. Tulimsindikiza stesheni watoto wote wa mtaa, tumevaa sare za shule kana kwamba tunampokea waziri. Siku aliporudi hatukuhitaji kuambiwa. Aliteremka na bahasha yake ya michoro ileile aliyoondoka nayo, akatembea moja kwa moja mpaka nyumbani. Doto alikuwa mlangoni. Mama yangu naye alikuwepo, na mimi nimeshika kanga yake, basi nilisikia.

"Wamesema shujaa ana mwenyewe mmoja," Kulwa alisema. "Wewe watakushukuru kwa mdomo. Nikawaambia basi huyo mmoja hayupo, simchori tena."

"Ungeendelea tu," Doto akamwambia. "Mimi jina la nini?"

Akacheka kidogo, akaingia ndani kumtengea kaka yake chakula. Wanawake mtaani walimsifu. Tazama moyo wa Doto, walisema, hajali makuu. Sisi tulikua na sifa hiyo masikioni, Doto asiyejali, na tulisimuliwa na mama zetu kila tulipogombania kitu.

Ndugu Radi hakufa. Wale wa Dar walimpa mtu mwingine amchore. Kijitabu kikaja, tukanawa mikono kama kawaida, tukakaa. Alikuwa amepigwa rangi nzuri, misuli imeongezeka, kaptura imepigwa pasi. Ukurasa wa pili akaruka angani, akampita bibi kizee mlangoni kwake, akavunja ukuta. Hakuamkia. Aliyekuwa anasoma akarudisha ukurasa kutafuta shikamoo. Mama yangu, aliyekuwa anasomea begani kwetu, akanyoosha mkono akakifunga kile kijitabu. "Huyu mtoto wa nani?" aliuliza. Hatukukisoma tena. Wako watu wazima leo, wastaafu wenye heshima zao, watakaowaambia kwamba walilia siku ile, na mimi ni mmoja wao.

Miaka ikaenda. Kulwa akachora mabango ya maduka na kuta za zahanati, vizuri tu, bila kinyongo. Doto akaolewa Kaliua akaenda zake. Vikaja vijiji vya Ujamaa, ikaja njaa na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, Bwana Valji akafunga duka akahama, nasi tukatawanyika kila mtu na maisha yake. Kulwa alifariki mikononi mwa pacha wake. Hakuchora Ndugu Radi tena mpaka anaingia kaburini.

Juzijuzi vijana fulani wa Dar es Salaam wameanza kuwaenzi wachoraji wa zamani. Ni jambo jema, nawapa hongera. Wana kundi lao kwenye simu, mjukuu wangu akaniingiza. Nikamwona Ndugu Radi wetu, yule wa kwanza, amewekwa pale, na watu wanamwagia Kulwa sifa, kwamba aliwatangulia wengi, kwamba hakuthaminiwa. Nikafurahi, halafu nikashuka chini kutafuta jina la pili. Halikuwepo. Nikampigia kijana mwenye kundi. Ana adabu, siwezi kumsingizia, aliniamkia vizuri. Lakini akasema, "Bibi, sisi tunafuata lililochapwa. Una ushahidi?" Nikamwambia ushahidi ni mimi, nilikuwa kizingitini nakula matobolwa. Akacheka kwa heshima. Nikakata simu kabla sijamtukana mtoto wa watu.

Nikapanda treni mpaka Kaliua. Nilimkuta Doto kwa binti yake, amelazwa kitanda cha ukumbini ili apate hewa, kifua kinambana, anazungumza kwa vipande. Macho yake ni yaleyale. Nikamweleza habari za vijana, nikaogopa ataumia, nikawahi kumfariji. Nikamwambia, "Najua wewe dada yangu hukujali hayo mambo ya jina."

Doto aliinua kichwa kwenye mto. Binti yake akaacha kufua akasogea.

"Nani alikwambia sikujali?" Doto aliuliza.

Nikasogea karibu na kitanda.

"Nilijali," alisema. "Nililitaka jina langu. Kulwa ameacha kazi anayoipenda kwa ajili yangu, nitamwambia nini, kwamba nalia? Nikasema la nini. Mkaamini. Mtaa mzima mkaamini." Akapumzika kidogo. "Nimelitaka mpaka leo."

Binti yake alijifunika uso na kanga. Naye, aliniambia baadaye, alikuwa hajawahi kuyasikia hayo.

Nimerudi Tabora na moyo wangu haujatulia. Nafikiria enzi zile, hatuna simu, hatuna umeme nyumba nyingi, kijitabu kimoja mtaa mzima, na bado hata mtoto wa darasa la kwanza alijua ni nani anayemsemea Ndugu Radi. Leo jambo linafika dunia nzima kabla uji haujapoa, na hakuna anayeuliza. Ujuzi wetu ulikuwa mdogo, lakini tulijuana. Sitaki kuwalaumu vijana sana, maana nao wanapenda kwa dhati, na sisi tuliojua tulinyamaza tukiamini tunamsifu.

Kwa hiyo ninyi wenzangu, mlionawa mikono kwa Bwana Valji na popote pengine treni ilikopita, wasimulieni wajukuu zenu leo. Waambieni ni Doto aliyetunga. Na mwenye nauli apite Kaliua akamwambie mwenyewe. Yuko pale ukumbini, na bado anasikia.