Miguu Mitatu, Tabia Mbili

Fundi Miwani alitamba mapema. Jana aliirudisha zahanati mashine ya kupasha vichanga joto, akaapa imepona. Leo asubuhi wifi yake mkunga, mke wa kaka yake, aliingia karakana akiwa ameikumbatia.

"Wifi, mgonjwa wako kanuna. Vuguvugu tu! Nina kichanga hakijafika kilo mbili, mama yake ndiye jiko lake tangu alfajiri. Mikono imemchoka kukikumbatia. Hadi mchana hawezi."

"Weka hapo, usinipandishe presha."

Akaifungua, akaiwasha, akagusa. Kikanza, kile kinachotoa joto, kilikuwa baridi nusu, lakini transista, swichi ndogo ya umeme aliyoichomelea jana, ilimuunguza kidole. Fundi akaruka na kucheka.

"Unacheka nini, mwenzangu?"

"Moto upo! Umekaa nyumba siyo yake."

Jana, kubadili transista ya awali iliyoungua, alikuwa amechagua kwa macho: umbo jeusi, miguu mitatu, ndugu wa tumbo moja. Kumbe, akamweleza wifi, aliyoiweka ilikuwa aina ya baipola, bawabu anayetaka kulishwa umeme muda wote lango likiwa wazi. Saketi ile ndogo ilimpa makombo, naye akafungua nusu, akabaki anatoka jasho mlangoni. Ile iliyoungua ilikuwa mosfeti. Hiyo hailishwi, ikihisi volti kwenye mguu wa kwanza, inafungua lango lote.

"Mlafi huyo namjua," wifi akasema. "Ni kaka yako."

Fundi alikuwa tayari amepasua inveta mbovu. Mosfeti hiyo hapo, nzima! Mkunga akanyoosha mkono.

"Usiguse! Umeme unaojikusanya kwenye sweta lako unaiua. Vua, ushike nondo za dirisha kwanza, umeme huo ukutoke."

Wakavua, wakashika nondo bega kwa bega kama wafungwa, wakacheka hadi miwani ikateleza puani. Kisha fundi akachomelea, pumzi ameibana. Akawasha. Safari hii transista ilibaki poa. Joto likapanda kwenye kikanza, taratibu, likijaa viganja vyao wawili.

"Haya, tamba sasa."

"Ngoja kwanza alale yule."

Wakaibeba wote wawili, nusu wakikimbia, masweta yamesahaulika mezani. Zahanatini, kichanga kililazwa kwenye mashine, kikakunja ngumi, kikazikunjua. Saa nzima fundi aliacha kiganja chake pale, akipima joto. Alipogeuka kumpongeza mama, alimkuta amelala, mikono mitupu wazi kitandani.