Siku Niliyowaonyesha Wazee wa Ekerenyo Shamba la Ombati

Tangu siku ile sijakanyaga Ekerenyo, na si kwamba nimekatazwa, ni aibu tu, ile aibu ambayo mtu akitaja jina la mahali unaanza kujikuna shingo na kupapasa mifuko ukitafuta funguo ambazo hazijapotea. Mtacheka, najua. Chekeni tu, hata mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta, lakini mimi mpaka leo simu ikilia moyo unaruka.

Kwa wasionijua, mimi ndiye Momanyi wa hema na spika pale Suneka. Kukiwa na matanga, harusi au harambee ya mtu anayekwenda ng'ambo, napigiwa mimi, naleta hema, viti, jenereta na spika, na siku hizi naleta pia skrini kubwa na kamera ya kurusha sherehe laivu mtandaoni, kwa sababu nusu ya ukoo wetu iko Minnesota na hawataki kusimuliwa, wanataka kujionea wenyewe nani alikaa mbele na nani alipewa paja la kuku. Mmoja wao ni ndugu yangu Ombati, mtoto wa Baba Mdogo. Alipokuja likizo alimpenda mwalimu mmoja wa Ekerenyo anayeitwa Kemunto, wakaendelea kupendana kwa simu, mpaka wazee wetu wakaamua ng'ombe wapelekwe, na mimi wakanichagua kuwa esigani, yaani yule mtu wa kati anayesimama mbele ya familia ya msichana na kusema kijana ni nani, katoka kwa watu gani na anafanya kazi gani. Hapo ndipo ningekataa. Mtu wa spika, unampaje tena kazi ya kuongea?

Wiki ya kupeleka ng'ombe, Ombati alinipigia. "Momanyi, brathe, wakiuliza kazi sema tu mimi ni mkulima. Mimea ya dawa, ndani ya nyumba za kioo. Usiingie sana."

"Kwa nini nisiingie?"

"Ombi langu la uraia liko kwa wakubwa huku. Sitaki maneno mengi. Sema mkulima, unyamaze."

Nikasema sawa. (Mimi kichwani niliona mwarobaini na msubili, nikafikiri labda wazungu nao wameanza kuchemsha mizizi.)

Sasa mjue baba ya Kemunto, Mzee Onchiri, si mtu wa mchezo. Ni mzee wa kanisa, Msabato kamili, na kabla ya kustaafu alikuwa msaidizi wa chifu, yule wa zamani wa kutisha, ambaye akisikia mtu amepanda bangi katikati ya mahindi alikuwa hatumi askari, anaenda mwenyewe na panga, anaing'oa, anaichoma sokoni watu wote wakitazama. Hayo nilikuwa nimeyachunguza vizuri kabisa, maana esigani lazima achunguze, ila nilichunguza upande wao, upande wetu nikauacha vile ulivyo.

Mpango ulikuwa Ombati atokee kwenye skrini amevaa suti, akiwa sebuleni kwake, asalimie wakwe, aombe baraka, akate. Lakini tulipofika tukakuta lango limefungwa, kama desturi, akina mama wa kwao wakatuimbia kwamba hawatujui na hawana msichana, tukaimba na sisi, tukabembeleza, tukatoa leso na soda, halafu mvua ikanyesha, halafu ikabidi tupange viti upya, na wakati tunakaa jua lilikuwa limeshageukia jioni, kumbe huko kwake kumekucha na ameshaingia kazini. Mimi hiyo ya saa za Amerika niliisahau kabisa.

Mzee Onchiri akasimama. "Esigani, huyu kijana yenu anafanya kazi gani huko?"

"Ni mkulima, mzee."

Mzee akawageukia watu wake, akanigeukia tena. "Mkulima? Lakini sisi sote hapa ni wakulima. Mimi niko na majani chai, huyu jirani ako na ndizi. Sasa kijana ametoka hapa akapanda ndege mpaka Amerika, kwenda kushika jembe?"

Watu wakaangua kicheko, na Baba Mdogo akaniangalia kwa lile jicho la kuniambia fanya kitu. Mimi siwezi kuvumilia kuchekwa nikiwa na maikrofoni mkononi, na badala ya kusema "ndiyo mzee" nikae chini, nikasema, "Mzee, shamba ya huko si kama ya hapa. Ngoja muone."

Nikaunganisha simu yangu na skrini, nikapiga ile ya kuonana.

Ombati akatokea amevaa kofia ya wavu kama mpishi. "Momanyi, mmemaliza? Niko kazi. Uko peke yako?"

"Niko na watu wetu tu," nikasema. (Na haikuwa uongo, si tulikuwa tunataka wawe watu wetu?) "Hebu geuza simu nione shamba."

"Haraka basi, supavaisa asinione."

Akageuza. Jamani, kijani! Mistari na mistari ya mimea iliyofika kiunoni, imenawiri, taa juu yake, majani yamefunguka kama vidole. Watu wakasema "Ooo!" na mimi nikavimba kifua, na mama mmoja nyuma akauliza, "Inapendeza. Ni mihogo?"

Mzee Onchiri hakusema "Ooo." Alivaa miwani, akatembea polepole mpaka kwenye skrini, akaweka kidole juu ya jani moja. "Hii si mihogo," akasema. "Hii kitu nimeng'oa maisha yangu yote."

Nilishikwa na kiwewe. Nikarukia nyaya, na mimi ninayezifunga nyaya hizo kila wikendi nikiwa nimefumba macho nikachomoa moja, na ikawa ni ya picha. Skrini ikawa nyeupe. Sauti ikabaki kwenye spika, zote nne, na zilikuwa juu.

"Umeona? Lakini kwa wazee usitaje bangi, brathe, watakufa. Huku jimbo limeruhusu, tuna leseni, tunalipa kodi, kila kitu. Serikali kuu ndiyo bado inaihesabu dawa ya kulevya, na uraia unatoka kwa serikali kuu, si kwa jimbo. Wakijua nimefanya hii kazi wanaweza kuninyima, na sijawahi kuvuta hata moja. Natafuta kazi ingine. Momanyi? Uko?"

Sikuwepo. Nilikuwa natafuta waya wa sauti nikiwa nimepiga magoti, na nilipoupata hakukuwa tena na sababu ya kuuchomoa.

"Nyasae one," akasema mama ya Kemunto, Mungu wangu, na akakaa.

Baba Mdogo ndiye aliyesimama, maskini. "Kwani Amerika iko na serikali ngapi?" Mzee mmoja wa upande wao akajaribu kumsaidia, akasema ni kama kaunti, kaunti ya Nyamira ikupe leseni leo, halafu kesho askari atoke Nairobi akushike na hiyo leseni mkononi.

"Basi," akasema Mzee Onchiri, "huyo kijana anaishi kwa nyumba iko na baba wawili. Mmoja anasema kula, mwingine anasema ukikula nakuchapa. Na nyinyi mnataka mtoto yangu aende kukaa kwa hiyo nyumba?"

Hapo Kemunto akatoka ndani, na leso yake ya sherehe mabegani, wakati hakuna aliyemwita, na kwa desturi huwa hatoki mpaka aitwe. "Baba, mimi nilijua. Aliniambia mwaka jana."

"Ulijua?"

"Nilijua. Na baba, usikasirike, lakini kanisa imekukataza chai. Sijawahi kukuona na kikombe. Na kila wiki unapeleka majani kwa buying centre kuuza, na hiyo majani ndiyo ilinisomesha."

Nilidhani mzee amekasirika, lakini aliposema sauti yake ilikuwa ya chini, sauti ya mtu anayeogopa. "Chai haijawahi kufanya mtu anyimwe karatasi. Huyu wakimrudisha, ama wamfungie huko, wewe utakuwa wapi? Utaolewa na simu?"

Mzee akasema ng'ombe wetu turudi nao, siku kijana atakapoacha ile kazi na kupata uraia wake tuwalete tena, na atawapokea kwa mikono miwili. Halafu tukapakuliwa chakula. Afadhali wangetufukuza. Kula wali na kuku wa watu ambao umewaaibisha, kijiko kinalia kwenye sahani na kila mtu anakisikia, ni adhabu.

Nikiwa natafuna ndipo shangazi yetu wa Minnesota alinipigia akipiga kelele, "Momanyi, zima! Zima hiyo kamera, tunawaona!"

Kamera. Ilikuwa bado inarusha, tangu langoni. Nilikimbia, nikajikwaa kwenye kamba ya hema, kona nzima ikawaangukia akina mama na soda zao, na mimi nikaipita juu juu mpaka kwenye kamera nikaizima. Nikafuta kila kitu, lakini watu walikuwa wameshakata kile kipande cha sauti, na kabla hatujafika Suneka kilikuwa kwenye kundi la familia, la kanisa, na la watu wa nyumbani wanaoishi Amerika, ambako nasikia wengine wamekiwekea muziki.

Ombati aliacha kazi ile wiki ile ile. Sasa anatunza wazee kwenye nyumba ya wazee, anawaosha, anawalisha, mshahara umeshuka. Hakunitukana, na ndiyo inayoniuma. Alisema tu, "Wakili ameniambia siku ya mahojiano ya uraia nisidanganye. Nilikuwa siku zote nawaza nikiulizwa nitajibu nini. Siwazi tena. Umeshanijibia."

Nilimwomba msamaha nikiwa natembea huku na huku nje ya duka langu, akasema ni sawa, na wote wawili tulijua si sawa. Mahojiano hayajafika. Ng'ombe bado wako kwa Baba Mdogo wanakula tu.

Uesigani nimeacha. Siku hizi nikimaliza kufunga spika nasema "moja, mbili," nampa mwenye sherehe maikrofoni na kwenda kusimama nyuma kabisa, na nimeapa sitamsemea tena mtu yeyote jambo nisilolijua. Juzi Kemunto aliniandikia, kama anavyoniandikia kila Jumapili, utadhani mimi bado ni esigani wao: "Shemeji, wamemwita?" Nikaandika "hivi karibuni", nikafuta. Nikaandika "Mungu atasaidia", nikafuta hiyo pia, nikazunguka duka mara kadhaa, na mwishowe nikamwandikia, "Sijui, shemeji. Muulize mwenyewe."