Kilatini cha Dirishani

Kwenye Kamati ya Urithi mimi ndiye mtaalamu wa Kilatini. Msicheke. Nilikaa seminari ndogo miaka minne, nikarudishwa nyumbani kwa kufeli hisabati, na tangu hapo Kilatini changu nimekitumia kufukuzia ng'ombe wa jirani wakiingia kwenye mahindi. Lakini huku kwetu, juu ya Endasak, ukitamka maneno mawili yanayoishia na "-usi" watu wanavua kofia.

Seminari yenyewe ilifungwa zamani, na kikanisa chake kikawa stoo ya maharage. Gunia juu ya gunia, mpaka kwenye picha za Njia ya Msalaba, kituo cha saba, Bwana Yesu anapoanguka mara ya pili. Ungedhani kaangushwa na gunia. Miaka yote hiyo hakuna aliyetamka neno urithi. Panya walisali humo kwa uhuru kamili. Kisha mwaka jana mtu akapiga picha ya altare ya mbao, akairusha mtandaoni, wageni watatu wa ng'ambo wakaisifia, na wiki iliyofuata tulikuwa na kamati, mwenyekiti, kufuli jipya na kibao cha USIGUSE.

Sasa niwaambie habari ya mama yangu. Mama alifua vitambaa vya altare ile tangu mimi sijazaliwa mpaka seminari ilipofungwa. Alivifua, akavitia wanga, akavinyoosha kwa pasi ya mkaa, akavikabidhi mlangoni. Nasema mlangoni. Ndani hakuwahi kukanyaga. Gombera, yaani mkuu wa seminari wa wakati ule, Mzungu mwenye ndevu nyingi na sheria nyingi zaidi, alisema kikanisa ni cha waseminari. Wafanyakazi wana parokia yao. Basi kila Jumapili mama alisali parokiani asubuhi, kisha akapanda mlima kuja kusimama nje, kwenye dirisha la pembeni, asikilize Misa yetu ya Kilatini. Roma walishaiacha zamani. Gombera wetu ama hakuambiwa, ama aliambiwa akaona Roma ndiyo imekosea.

Pale dirishani mama alikishika Kilatini chote kwa masikio. *Kyrie eleison* yeye aliisikia "Kiri, eleza." Tena akaielewa hivyo hivyo. "Mungu hana maneno mengi," aliwahi kuniambia. "Anasema kiri. Ukishakiri, eleza." Mimi nilifundishwa darasani, kwa kiboko, kwamba ni Kigiriki cha "Bwana, utuhurumie", na bado naona ya kwake ina akili zaidi.

Mwaka huu madaktari wa hospitali ya Haydom wakamwambia ana uvimbe tumboni, inabidi apasuliwe. Alishuka kwenye basi, akaja kwangu, akanywa chai, kisha akasema, "Mwanangu, wewe si uko kwenye ile kamati? Kabla hawajanipasua nataka nipige goti mle ndani. Mara moja tu. Nisije nikafa sijui vitambaa vyangu vilikuwa vinatandikwa wapi."

"Mama, hilo ni dogo," nikasema. Ole wangu na mdomo wangu!

Kikao kilichofuata kilikuwa cha kupanga siku ya ufunguzi, ambayo kwa bahati ilikuwa siku moja kabla mama hajalazwa. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu ambaye mpaka leo huongea kama anaandika ubaoni, akatangaza kwamba watakaoingia ni mapadre na waliokuwa waseminari. Wengine watakaa nje chini ya turubai. Nikamwombea mama yangu. Akavua miwani.

"Ndugu mtaalamu, urithi ni urithi. Jadi ya kikanisa hiki ni kutoingiza wanawake. Tukianza kubadilisha, tutakuwa tunahifadhi nini?"

Maharage yaliingia humo miaka na miaka bila kuulizwa kama ni ya kike au ya kiume. Jibu hilo lilinijia safi kabisa, nikiwa tayari nimefika nyumbani. Pale kikaoni nilisema, "Sawa, mwenyekiti." Nyumbani mimi ni simba, kwenye vikao ni kondoo.

Na tukiongelea kondoo. Barua za mwaliko ziliandikwa na mwenyekiti mwenyewe, kwa herufi kubwa: MNAKARIBISHWA KWENYE IBADA YA JADI. Alimaanisha Misa ya Kilatini. Barua moja ikafika kijijini Hirbadaw, kwa mzee mmoja mfugaji ambaye hajabatizwa wala hana mpango huo. Kwa mzee yule ibada ya jadi ni kitu kinachojulikana, na hakiendewi mikono mitupu. Siku ya ufunguzi akatokea na shuka lake, fimbo yake na kondoo mweusi mnene.

"Shikamoo, mzee," mwenyekiti akasema, jasho likimtoka. "Samahani sana, hii ni ibada ya jadi ya Kilatini."

"Marahaba. Hao Walatini wanachinja nini?"

Mwishowe mzee akapewa kiti nje, karibu na dirisha la pembeni, na kondoo wake akafungwa kwenye kibao cha USIGUSE. Kiti cha pili pale dirishani alikuwa amekikalia mama yangu. Alivaa kitenge kipya. Nilikuwa nimemwambia kamati imekataa, lakini tutaweka spika, atasikia vizuri. Alinijibu, "Haya, baba," kwa sauti ya mtu asiyetaka kumpa mwanawe shida. Bora angenitukana.

Tukaingia, wazee kumi na mbili tuliowahi kuwa waseminari, vitambi mbele, tukaimba. Mwanzo ulienda. Kisha ukafika wimbo wa kumsalimu Bikira Maria, ule tuliouimba kila mwisho wa Misa, na mtaalamu ndiye wa kuongoza. Nikaanza vizuri, nikapiga mstari wa kwanza, wa pili, nikafika kwenye wa tatu. Ukuta. Hakuna kitu kichwani, hata neno la kufukuzia ng'ombe. Nikawatazama wenzangu, wenzangu wakatazama viatu vyao. Spika ikawarushia wa nje ukimya wetu wote bila kupunguza.

Sauti ikaja kutoka dirishani. Ya kizee, nyembamba, haikutetemeka hata kidogo. Ikaokota mstari wa tatu pale nilipouangusha, ikaenda wa nne, wa tano, mpaka mwisho. Hakuna aliyethubutu kumsaidia, kwa sababu hakuna aliyekuwa anajua.

Alipomaliza, kichwa cha yule mzee wa Hirbadaw kikachomoza dirishani. Hakuwa na nia ya kumsuta mtu, alikuwa anauliza tu.

"Samahanini. Huyu mama ndiye anayejua maneno. Mbona yeye yuko nje na nyinyi msioyajua mko ndani?"

Mwenyekiti akakohoa. Padre mgeni, aliyekuja kutuongozea Misa, akamtazama, akasema taratibu, "Mwenyekiti, mkaribisheni mama." Na huyo mwenyekiti wa jadi akakimbia mlangoni kama karani aliyeitwa na bosi.

Nilimshika mama mkono. Aliingia polepole, akachovya vidole kwenye bakuli la maji ya baraka, ambayo tulisahau kuyaweka, akafanya ishara ya msalaba kwa vidole vikavu. Akaenda moja kwa moja altareni. Akapapasa kitambaa, akakunja uso kwa jinsi kilivyonyooshwa vibaya, lakini kwa heshima ya wageni akanyamaza.

Kisha akageuka. "Wewe ulikuwa unakaa wapi?"

Nikamwonyesha benchi langu, la pili kutoka mbele. Akalikalia, akanyoosha kitenge, akatazama mbele. Halafu akageuza shingo upande wa dirisha. Kutoka pale kiti chake cha nje kilionekana chote, mpaka miguu. Alikitazama muda mrefu.

"Nilikuwa nakupungia mkono," akasema. "Kila Jumapili. Ulipokuwa huitiki nikajua ndani hamuoni nje."

Wenzangu walikuwa wanamwita Mama Wanga, wakicheka, na mimi sikuwaambia hata siku moja kwamba ni mama yangu.

"Kwa hiyo ulikuwa unaniona."

"Nilikuwa nakuona, mama."

Akatikisa kichwa, akashuka kwenye benchi, akapiga goti pale pale. Alisali mpaka wageni wakaenda kula. Nilitamani ardhi inimeze, na nilikuwa nastahili.

Haydom walimpasua salama. Amesharudi, anapalilia maharage yake, na jambo lile hajalitaja tena. Nikipita kwake namwamkia, anaitikia marahaba kwa furaha ile ile ya siku zote, ananiuliza kama nimekula. Mimi ndiye nisiyeweza kumtazama usoni.