Siku za Kuonja Waya

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Nilipewa waya nishike. Foromani wetu pale gereji ya Shauri Moyo alikuwa Kilonzo, na jina lake nalitaja makusudi. Alichomoa waya wa plagi kwenye injini ya pikapu, akaniwekea mkononi, akamwambia dereva apige stata. Nilirushwa nikakaa kwenye oili. Gereji nzima ikacheka.

"Umesikia nini?" Kilonzo akaniuliza.

"Kama nimepigwa teke na punda."

"Basi moto upo. Shida ya hii gari ni mafuta. Haya, umeandikwa kazi."

Hiyo ndiyo tuliita kuonja. Fundi wa umeme wa magari wakati wetu hakuwa na mita. Moto, yaani umeme, ulipimwa kwa mkono. Umeme wa plagi unauma lakini haukai, ukishakurusha umeisha. Mimi niliachia shule darasa la sita, michoro ya waya sikuweza kuisoma, lakini kwa kuonja nilikuwa hodari. Ningekuambia koili inayopeleka moto kwenye plagi imechoka kwa vile ilivyoniuma tu. Nilifanya hivyo miaka mingi, na sikuwahi kujiuliza mbona Kilonzo mwenyewe haonji.

Halafu haibridi zikaanza kuingia kutoka Japani, zikiwa zimetumika. Haibridi ina injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, na betri kubwa nyuma ya kiti. Hizi zetu hazichomekwi ukutani. Zinajichaji zenyewe ukikanyaga breki, na injini ikizunguka. Ya kwanza kuletwa kwetu ilikuwa imekataa kuwaka.

Asubuhi hiyo niliona glavu nyekundu za mpira mezani kwa Kilonzo, ndefu za kufika kwenye kiwiko. Nikamuuliza ni za nini.

"Za mke wangu," akasema, "za kuosha vyombo. Enda ufungue hiyo betri."

Nikafungua. Nilikuta waya nene za rangi ya machungwa na karatasi ya onyo imeandikwa Kijapani. Sikuogopa. Nilikuwa na hamu tu ya kujua. Gari linalotembea bila kelele, moto wake unaumaje? Nikamwambia Kilonzo sijui kama hii betri ina moto ama imekufa. Akanijibu bila kugeuka.

"Si uonje."

Nikaweka vidole viwili juu ya nati mbili.

Umeme wa betri ile haukurushi. Unakushika. Ninachokumbuka ni harufu ya kucha ikiungua, na fundi wa kuchomelea, Baba Akinyi, akisema "Mwache, msimguse," kisha ubao ukanipiga mkono nikaachiliwa. Bila Baba Akinyi na ubao wake haya yasingeandikwa. Vidole vyenyewe vilibaki, lakini mpaka leo havisikii moto wala baridi.

Kilonzo aliwaambia watu kwamba nilikuja kazini nimelewa. Aliwaambia hata ndugu zangu waliokuja hospitali. Mimi ni mtu wa kanisa, pombe sijawahi kuitia mdomoni. Lakini yeye alikuwa foromani, na mimi nilikuwa mtu mwenye bendeji. Waliamini foromani.

Nilipopona nikahamia gereji moja ya Donholm. Mkubwa wa pale alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa miaka mingi, tukimwita Injinia. Siku ya kwanza alinipa glavu.

"Mzee, hapa hakuna mtu anaonja," akasema. Nadhani alikuwa ameona vidole.

Alinionyesha plagi ya usalama, kitu kama mpini kilicho kwenye betri. Ukikivuta, betri inakatwa na gari lote. Halafu unangoja dakika kumi.

"Tunangoja nini?"

"Umeme uliobaki ndani uishe."

Dakika kumi kumi hizo ndizo zilikuwa shule yangu. Nilimuuliza kila kitu. Siku gari la umeme tupu lilipoletwa nilizunguka chini yake kama paka. Halina injini, halina plagi za moto, halina oili ya kumwaga, halina bomba la moshi. Nilitafuta cha kuharibika nikakosa.

"Sasa mimi nitakula nini?" nikamuuliza.

"Tairi bado zinaisha, mzee. Na betri pia inachoka, lakini polepole."

Nilifanya kazi pale mpaka vidole vikanishinda. Skrubu ndogo ikianguka ndani ya dashibodi na huisikii mkononi, unamchelewesha mwenye gari. Niliacha bila sherehe.

Juzi juzi dada yangu mdogo, Mwende, alikuja kwangu. Mwende hununua sare za shule Eastleigh na kuzipeleka mbali, Kitui, kila wiki. Alikuwa amechoka kukodi gari, na alikuwa ameona mawili: dogo la umeme tupu, na haibridi. Kikundi chake cha kanisa kilikuwa kimeshamchagulia la umeme.

Nilivaa koti, tukaenda kulijaribu. Nasema ukweli, nililipenda. Ukikanyaga linaenda, hakuna kusubiri, na ndani unasikia mpaka saa ya mtu ikigonga. Tuliposhuka ndipo nikamuuliza maswali.

"Gari litalala wapi?"

"Si pale chini kwa fleti."

"Na wewe uko orofa ya tatu. Waya utapita wapi?"

"Nilimuuliza mwangalizi. Amesema nikiteremsha waya dirishani ataukata na makasi."

"Na Kitui utachomeka wapi? Kwa mama, kwenye ile balbu yake moja?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Ndiyo maana nawaambia vijana wanaoniuliza: usianze na gari, anza na soketi. Kama una ploti yako na mita yako ya umeme wa tokeni, na safari zako ni za hapa mjini, chukua la umeme na usiangalie nyuma. Kama unalala orofa ya tatu na kazi yako iko Kitui, chukua haibridi, lakini upime betri kwanza.

"Basi haibridi," Mwende akasema. Kisha akaangalia chini. "Lakini iko kwa yadi ya Kilonzo. Siku hizi anauza magari."

Akiba yote ya Mwende ilikuwa inaingia kwenye gari hilo. Betri ikiwa imekufa, na biashara imekufa. Hilo nililijua. Lakini sitadanganya: njiani kwenda kule nilikuwa naomba betri iwe mbovu.

Kilonzo alikuwa amenenepa. Aliponiona akawageukia mafundi wake kabla ya kunisalimia.

"Kyalo. Umekuja kuonja?"

Wakacheka. Hadithi yangu ilikuwa imefika hata kwa wale ambao hawakuwepo.

"Leo nimekuja na mita na kompyuta ndogo, nimeziazima kwa Injinia," nikasema. "Plagi ya usalama itolewe kwanza."

"Si utoe."

"Gari ni lako, mkubwa. Toa wewe. Ama uonje."

Alicheka, akaingia ofisini. Alipotoka alikuwa amevaa glavu nyekundu mpaka kiwiko.

Mwende aliangalia zile glavu, akaangalia vidole vyangu, akaziangalia tena.

"Naona mkeo amekuazima za vyombo," nikamwambia.

Kilonzo akavuta plagi, tukangoja dakika kumi. Kisha nikavaa zangu nikapima. Betri ile ina vipande kumi na vinne, na kimoja kikizidiwa nguvu na wenzake, imeanza kufa. Nilipima vyote. Nikarudia mara ya pili nikitafuta kibovu. Tukalirudishia gari plagi, tukaliendesha, na kompyuta ndogo ya Injinia ikasoma vile vile. Vyote sawa.

Mwende alinisogelea. "Niambie wewe. Huyu sitaki kumsikia."

Ningesema mbovu, angeondoka nami papo hapo. Miaka hiyo yote neno la Kilonzo lilikuwa zito kuliko langu, na siku neno langu liliposhinda ilibidi nilitumie kusifu gari lake.

"Betri ni nzima," nikasema. "Chukua."

Tukirudi nyumbani akiendesha, tulifika mahali pa msongamano, injini ikajizima, tukawa tunasogea kwa umeme tu. Ndani kukawa kimya.

"Kwa hivyo hukuwa umelewa," Mwende akasema.

"Sikuwa."

"Mbona hukutuambia?"

"Niliwaambia."

Taa zikawa kijani, akakanyaga, injini ikawaka.

Leo gari liko Kitui na mzigo. Mimi niko nyumbani na simu, nasoma habari za magari ya umeme, nikisukuma kioo kwa mkono wa kushoto, ule ambao bado unasikia. Nimeandika maswali saba ya kumpelekea Injinia. La kwanza ni nani atamwekea Mwende soketi pale chini kwa fleti, kwa sababu lile dogo la umeme nililipenda.